Saipresi Zangu na Minyaa ya Mama Yako

Adventina mwanangu,

Umeenda Ihembe kumuaga shangazi yako. Jua bado lipo. Nimechukua daftari lako la zamani lililobaki kurasa, nimekaa hapa mlangoni naandika. Nikikwambia kwa mdomo utanikatiza. Ukinikatiza nitanyamaza, nawe utapanda basi kesho hujui kitu. Mimi niliishia darasa la nne. Vumilia mwandiko.

Sikwambii Mwanza uvae nini wala ulale saa ngapi. Ushakua. Kazi nayo sikufundishi, umeshanizidi. Mimi ni kibarua wa panga na mkasi wa kukatia ua, nimefyeka nyua za watu Kayanga mpaka Kyerwa. Wewe umekaa kwenye kitalu cha miche, unajua na majina ya mbolea.

Ila kuna swali moja watakuuliza huko. Kila mwenye nyumba huuliza. "Tuzungushie nini hapa, saipresi au mnyaa?" Hata wewe uliwahi kuniuliza, zaidi ya mara moja, na mimi nilikuwa najifanya nanoa panga. Leo nakujibu.

Saipresi inapendeza. Sitadanganya. Ina harufu nzuri, inasimama wima kama askari, ukiipunguza vizuri inakuwa ukuta. Lakini mche wake ukikauka mizizi nusu siku, umekufa. Halafu ukiikata mpaka ndani kwenye mti mkavu, hapo hapachipui tena. Panabaki tundu la kahawia mpaka mwisho wa dunia. Haisamehe. Na chini yake hakioti kitu. Migomba inageuka njano, maharage yanatoka kama nywele za mgonjwa.

Mnyaa ni kinyume. Hauna majani ya maana, ni vijiti tu vya kijani, mwilini umejaa maji na maziwa. Unakata kijiti, unakiacha kivulini siku nne mdomo ukauke, unakichomeka. Ukisahau kumwagilia, unaota. Ukikatwa, unazidi. Mbuzi haugusi. Ubaya wake ni yale maziwa. Yakiingia jichoni ni moto. Kwa hiyo mwenye nyumba akikuuliza, na wewe muulize kwanza: una watoto wadogo? Una migomba karibu? Ndiyo ujibu.

Hilo ndilo jibu la bustani. La kwetu ni refu zaidi.

Huu uzio wa saipresi unaouona upande wa jirani yetu Ta Rwegasira, mimi nilipanda. Hilo unalijua, ulikuwa na miaka tisa. Kabla yake palikuwa na minyaa. Siyo hapo zilipo saipresi, hatua sita mbele. Minyaa ile alipanda mama yako. Alipoolewa alikuta mpaka una mapengo, akaenda kwao Bweranyange, akarudi na mzigo wa vijiti kichwani, akachomeka mmoja mmoja. Mama mkwe wake akamcheka, "Bibi harusi gani huyu, analeta mahari ya maziwa ya sumu?" Mama yako akamjibu, "Mama, haya hayaibiwi."

Wakati huo nilikuwa nafanya kibarua Kayanga kwa bosi mmoja mtu wa Muleba, ofisa. Ua wake wote saipresi. Nilikuwa nazikata kila wiki na naziona kuliko ninavyomwona mke wangu. Siku moja kamba ya kunyooshea ua ilinikatikia, nikamwambia bosi kwetu tunatumia mnyaa tu, hauhitaji kamba. Akacheka. "Mnyaa ni uzio wa maskini, Anatory." Akanipa miche iliyobaki. "Chukua, na wewe upendeze nyumbani."

Neno lile liliniingia. Nilirudi na miche begani, nikipita njia kuu makusudi watu waione.

Ta Rwegasira alikuwa anakata ndizi upande wake. Akaniona. "Saipresi hapa kijijini Ndama! Jirani, tutakuamkia kwa Kiingereza sasa." Kisha akaacha kucheka. "Lakini hizo zitakausha migomba yangu. Panda ndani kwako."

"Ndani kiasi gani?"

"Hatua sita."

Nikakubali. Kumbuka hilo. Hatua sita zilikuwa ombi lake ili migomba yake ipone. Ardhi ilibaki yetu. Alijua, nilijua.

Sasa kosa la kwanza. Unajua kwetu mpaka hauguswi kienyeji. Ukitaka kuuondoa unaita majirani, unaita wazee wawili watatu, mnatembea wote kwenye mstari, mnahesabu hatua, na watoto wanaletwa waone ili wakumbuke wazee wakishakufa. Mnakunywa pombe ya rubisi, mambo yanaisha. Mimi sikumwita mtu. Niliona ni ushamba. Niliona kung'oa vijiti vya maskini hakuhitaji wazee. Nikachukua jembe na panga, nikakuita wewe unisaidie kubeba matawi.

Mama yako alikuwa kisimani.

Jicho lako unalikumbuka. Nilikata tawi kubwa, nikalitupa bila kuangalia, maziwa yakaruka. Ulipiga kelele mpaka leo nazisikia nikishika panga. Mimi nilisimama tu. Mwanaume mzima na jembe mkononi, nimesimama.

Aliyekuja ni Ma Koku, mke wa Ta Rwegasira. Aliiruka minyaa iliyolala chini, mwanawe Koku akiwa mgongoni, kichanga. Akakukalisha mapajani, akatoa ziwa, akakukamulia jichoni. Tena na tena. "Lia mwanangu, lia, yatoke." Koku naye analia njaa mgongoni, na yeye anamwambia, "Nyamaza wewe, leo utalala na njaa, dada yako amekunywa kwa jicho." Ulicheka ukiwa unalia. Jioni jicho likafunguka.

Mama yako aliporudi akaangalia jicho, akaangalia minyaa iliyolala. Hakupiga kelele. Akasema, "Umeung'oa mpaka bila kuuaga, nao umekujibu." Usiku ule alinigeuzia mgongo.

Nikapanda saipresi zangu. Nilizimwagilia kwa ndoo kiangazi chote, maji ambayo mama yako aliyabeba kichwani. Nyingine zilikufa, zilizobaki zikasimama. Watu wakipita wananiita bosi. Nikawa naitika.

Kosa la pili ndilo sijawahi kukwambia. Mama yako naye hakukwambia, alinifichia aibu mpaka anakufa.

Saipresi zilipofika kifuani, watu wa ardhi walikuja kuandika vibanja, shamba kwa shamba. Kijana mmoja na mashine yake ya kupimia, na mwenyekiti, na majirani wote. Wewe ulikuwa shule. Wakafika kwetu. Kijana akauliza, "Mzee, mpaka wako upande huu unaishia wapi?"

Zile hatua sita mbele ya saipresi zilikuwa magugu. Mashimo ya minyaa yalikuwa humo ndani, yanaonekana ukiinama. Kazi yangu ilikuwa kutembea hatua sita na kuinama. Basi.

Nikasema, "Andika, mpaka uzio wa saipresi."

Sikuwa nimelewa. Sikutishwa. Nilitaka neno saipresi liandikwe karibu na jina langu. Ndiyo sababu yote, mwanangu. Nimetafuta nyingine miaka yote hii, haipo.

Mama yako alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Adventina, mpaka uko kule kwenye mashimo ya mnyaa."

Nikamwambia, "Nyamaza. Hujui mambo haya."

Mbele ya watu wote. Yule kijana akacheka kidogo. Ma Koku alikuwepo, aliangalia pembeni. Ta Rwegasira alikuwepo, aliangalia miguu yake. Nikaandika jina langu kwenye karatasi, herufi kubwa, nikijivuna kwamba sikuweka dole gumba.

Mama yako hakurudia tena. Kila msimu alilima maharage kwenye kile kipande cha hatua sita, nje ya saipresi zangu. Hayakuzaa kitu, kivuli na mizizi vilikula yote. Alilima tu. Nilikuwa namuuliza, "Unalima mawe?" Ananijibu, "Nalima nilikopanda."

Alipougua akasema tumzike pale. Ulisikia. Ulidhani anapenda pale kwa sababu pana upepo. Na aliyechimba kaburi ni Ta Rwegasira, ulimwona. Kwa karatasi yangu angeweza kusema hapana, hapa ni kwangu. Alichimba. Alipotoka shimoni aliniambia, "Leonida yuko kwake."

Sasa umejua. Ulipokuwa unapiga kelele barazani kwenye kesi wiki iliyopita, "Wezi! Mmemwibia marehemu!" mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako, nimeishika kofia magotini. Mwenyekiti aliposoma karatasi ulidhani wameighushi. Ile ni sahihi yangu. Ile A kubwa yenye mguu mrefu ni yangu. Hakuna aliyeniibia. Mimi nilitupa, Ta Rwegasira akaokota. Na miaka yote hakulima pale hata jembe moja, mpaka miguu ilipomvimba, watoto wake wa kiume wakaja na mnunuzi. Mnunuzi ni mgeni, kwake kaburi ni kaburi tu. Amepigilia vigingi kwenye saipresi. Amesema anajenga ukuta wa matofali, na kaburi tulihamishe tukazike tunakojua.

Mkubwa wao aliniambia nini pale nje ya baraza, hukusikia. "Ta Adventina, una binti tu, naye anaenda Mwanza. Hatua sita utamwachia nani, mbuzi?" Wenzake wakacheka. Ningejibu nini? Wanaongea maneno niliyowapa mimi.

Jana umesema huendi, ingawa leo umeenda kuaga. Umesema utaacha kazi, ubaki, ukate rufaa wilayani, utoe ushahidi kwamba ulibeba minyaa ukiwa mtoto, unajua ilikuwa wapi. Nakuomba usifanye hivyo. Ushahidi wako wataupiga kwa sahihi ya baba yako. Utasimama pale, watakuuliza, "Huyu si mzazi wako?" Utapoteza kazi na kesi siku moja. Na utakuwa umejifunza ukweli huu mbele ya watu. Afadhali ujifunze hapa, kwenye daftari lako.

Sina pa kushika, Adventina. Nimeenda kwa mwenyekiti. Nimeenda kwa padri. Nimeenda kwa Ta Rwegasira mwenyewe, amelala na miguu yake, ananiangalia machozi yanamtoka, ananiambia, "Vijana hawanisikii." Nimefikiria kuzikata saipresi zote. Ningeshazikata. Lakini nikizikata leo watasema naharibu ushahidi.

Umebaki mlango mmoja, na mimi kwenye mlango huo siruhusiwi kuingia.

Kibanja hakiuzwi mke akikataa. Hilo kijana wa ardhi alilisema, na mtendaji amelirudia. Lazima Ma Koku aweke dole gumba. Bado hajaweka. Ataweka kesho asubuhi ofisi ya kijiji. Akisema kipande cha kaburi kitoke kwanza ndiyo aweke, mnunuzi atakubali, anataka mahali pa kujenga kabla ya mvua, hataki ugomvi na mwanamke mzee wa hapa.

Juzi nilimfuata kisimani. Nilivua kofia. Nikaanza, "Ma Koku, nakuomba."

Akanyanyua mkono. "Ta Adventina, wewe uliongea siku ile. Mpaka leo nakusikia. Na yule uliyemnyamazisha nilikuwa namsikia pia." Akajitwisha ndoo yake. Nikadhani amemaliza. Akageuka. "Mtoto yuko wapi?"

"Yupo. Anaondoka Jumatano."

"Amenipita hapa asubuhi, hakuniamkia. Nimemwita, akatema mate chini." Akapangusa maji ya ndoo yaliyomtiririka usoni. "Jicho lake zima?"

Nikasema zima.

"Basi," akasema, akaenda.

Nimelala siku mbili na hilo neno. Sijui lina maana gani. Inaweza kuwa amefunga mlango. Inaweza kuwa anakusubiri. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, siwezi kusoma mwanamke ambaye nimemwaibisha rafiki yake mbele yake. Ila najua hivi: hakuuliza ardhi, hakuuliza kesi. Aliuliza jicho.

Kwa hiyo naomba. Siagizi. Nilishaagiza sana kwenye nyumba hii, na umeona matokeo yake.

Kesho kabla ya kwenda Omurushaka kupanda basi, pita kwa Ma Koku. Huwa anaamka mapema kuwasha moto. Piga goti, muamkie vizuri. Muombe radhi ya mate, ile ni yako. Halafu muombe hatua sita za mama yako, au hata tatu, hata zinazotosha kaburi na kijiti kila pembe. Usimwambie kuhusu sheria. Usitaje rufaa. Mwambie nimeshakuambia yote, kwamba baba yako ndiye aliyesema mpaka ni saipresi. Usinitetee. Ukinitetea atakufukuza, na atakuwa na haki.

Akikataa, mshukuru, nenda Mwanza. Usirudi nyuma kuja kunililia. Nitamhamisha mama yako mimi mwenyewe, kwa mikono hii iliyong'oa. Nitakuwa nimestahili.

Akikubali, kuna kazi moja tu kabla ya basi.

Nataka nikwambie na hili, kwa sababu sijui lini tutakaa tena. Maisha yangu yote nimekata nyua za watu nikadhani uzio mzuri ni ule unaosifiwa na wapita njia. Mama yako alijua uzio ni kitu cha kukumbuka. Saipresi zangu hazikumbuki kitu. Minyaa yake ilikuwa inakumbuka siku aliyofika hapa, na jina la kwao, na hatua za mguu wake. Kule Mwanza utapanda saipresi nyingi, ni kazi, zipande, zinyooshe vizuri. Mtu akikudharau kwa unakotoka, kama mimi nilivyodharauliwa, usikimbilie nyumbani kung'oa kitu. Kaa chini kwanza. Mimi sikukaa.

Na mtu akisimama nyuma yako akasema kwa sauti ya chini, geuka. Geuka tu. Hata kama kuna watu wanaangalia.

Nasikia mbwa wa bondeni wanabweka, labda ni wewe unarudi. Daftari naliweka juu ya begi lako. Mimi nitakuwa jikoni nachemsha ndizi. Usiniite. Soma mpaka mwisho, kisha uje tule. Hata ukija bila neno, njoo. Ukishindwa kula na mimi leo, nitaelewa pia, nitakuwekea sahani.

Jumamosi sikwenda kibaruani kama nilivyosema. Nilikwenda Bweranyange kwa wajomba zako. Uzio wao bado upo, ule ule ambao mama yako alikata vijiti vyake. Nimekata vijiti vinne. Viko nyuma ya mlango, vimefungwa kwa kitambaa chake cha kichwani. Ma Koku akikubali, chomeka cha kwanza wewe, kaburini, upande wa kichwa cha mama yako. Vitatu vilivyobaki nitamalizia mimi, na safari hii nitawaita wazee.

Usiogope kuvishika. Leo ni siku ya nne. Midomo imekauka, havitoi maziwa tena.

Baba yako,
Anatory